UZI: Kutengeneza programu-jalizi ya avata anayojipangia mwanachama. Hifadhi chaguo, usihifadhi picha

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Maswali ya avata, yaani picha ndogo inayomwakilisha mwanachama, yamekuwa yakijirudia humu, kila mtu na lake, nikaona heri tuyakusanye pamoja. Ninachozungumzia ni programu-jalizi (plagini, kipande kinachoongezwa kwenye mfumo) ya tovuti ya jumuiya inayomwezesha mwanachama kujipangia sura yake: rangi ya ngozi, nywele, macho, mavazi, miwani, kilemba au kofia, halafu sura hiyo inamfuata kila anapochangia. Kupakia picha ya simu ni jambo jirani, nalo tutaligusa kwa sababu tovuti nyingi huweka vyote viwili.

Wazo lenyewe lina umri. Nintendo walilipeleka kwa watu wengi mwaka 2006 kupitia Mii za Wii, Microsoft wakafuata 2008 kwenye Xbox 360, Apple wakaja na Memoji 2018. Upande wa tovuti kulikuwa na njia nyingine: Gravatar, iliyoanzishwa na Tom Preston-Werner mwaka 2004 na kununuliwa na Automattic 2007. Gravatar huchukua barua pepe yako, huigeuza kuwa heshi (msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana nayo), na heshi hiyo ndiyo inayokaa kwenye anwani ya picha. Ni rahisi na imesaidia wengi. Lakini heshi ya barua pepe si siri. Mwenye orodha ya barua pepe anazipiga heshi zote kwenye kompyuta yake, analinganisha na zile zinazoonekana kwenye ukurasa, na anajua nani ni nani hata kama mwandishi ametumia jina la bandia. Kuhama kutoka njia moja ya kupiga heshi, MD5, kwenda nyingine, SHA-256, hakuondoi tatizo hilo, maana kinachokisiwa ni barua pepe, si heshi. Kwa jumuiya ambayo watu huandika kuhusu afya au ndoa zao kwa majina ya bandia, sababu hiyo peke yake inatosha kutaka avata zinazotengenezwa na kutunzwa hapo hapo kwenye tovuti.

Sasa tuje kwenye kiini. Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanywa kabla hujaandika mstari hata mmoja: mwanachama akibonyeza "hifadhi", unahifadhi nini? Wengi huunganisha sehemu zote kwenye kivinjari, wanapata picha moja ya PNG, wanaituma kwenye seva na kuiweka kwenye folda. Inafanya kazi siku hiyo hiyo, na ndiyo inayokuja kuwafunga mikono baadaye. Mimi nasema hifadhi chaguo zake tu, kama maandishi:

{"toleo":2, "ngozi":"ng05", "nywele":"suka03", "rangi_nywele":"rn02", "macho":"mc04", "vazi":"vz11", "miwani":null, "kofia":null}

Hiyo haifiki hata baiti 200. Picha inatengenezwa kutokana nayo wakati wowote, kwa ukubwa wowote. Mchoraji wako akirekebisha jicho lililokaa vibaya, wanachama wote wenye jicho lile wanapata jipya bila kuguswa. Mwanachama akirudi kubadili miwani anakuta kila kitu alivyokiacha, badala ya kuanza sura upya. Na siku ukitaka kuhama kutoka PNG (picha ya pikseli) kwenda SVG (mchoro ulioandikwa kama maandishi, unaokuzwa bila kuharibika), hakuna wa kuombwa ajichore tena.

Mtu atasema, basi tuzichore zote mapema tumalize. Piga hesabu: ngozi 8, nywele 30, macho 12, midomo 10, mavazi 20. Hizo ni sura 576,000, na hujagusa rangi ya nywele. Ongeza rangi 10 tu, unafika 5,760,000. Hazichorwi mapema, inachorwa ile iliyoombwa, ikishachorwa inatunzwa.

Mambo mawili kuhusu maandishi hayo. La kwanza, kila sehemu iwe na jina lake la kudumu, kamwe isiwe namba ya nafasi. Ukiandika "nywele": 7 ukimaanisha faili la saba kwenye folda, siku mtu atakapofuta mtindo wa tatu kila aliye juu yake anasogea, na jumuiya nzima inaamka na nywele za watu wengine. La pili, weka namba ya toleo ndani yake tangu siku ya kwanza. Ukiondoa sehemu fulani, unakuwa na jedwali dogo linalosema "vz11 ya toleo la 1 sasa ni vz14", na programu inajua nani wa kutafsiriwa.

Matabaka hupangwa kutoka nyuma kuja mbele: nywele za nyuma, mwili, vazi, kichwa na masikio, macho, pua, mdomo, ndevu, nywele za mbele, miwani, kofia. Angalieni kwamba nywele ziko mara mbili. Nywele ndefu zinapita nyuma ya shingo na wakati huo huo zinaangukia paji la uso. Faili moja haliwezi kukaa sehemu zote mbili, kwa hiyo mtindo mmoja wa nywele ni michoro miwili yenye jina moja.

Kuunganisha na mfumo ndiyo kazi fupi kuliko zote. Kwenye WordPress tumia kichujio (mahali pa kodi yako kuingilia na kubadili kinachorudishwa) cha pre_get_avatar_data, kilichopo tangu toleo la 4.2, unarudisha anwani ya picha yako na mfumo unaendelea na mengine. BuddyPress, plagini ya jumuiya ya WordPress, ina njia yake, bp_core_fetch_avatar, lazima uishike nayo pia, la sivyo mwanachama anaonekana na sura mbili kwenye tovuti moja. phpBB, programu ya majukwaa, tangu 3.1 ina utaratibu wa madereva ya avata (vipande vya kodi vinavyoleta picha), unaandika dereva lako. Kitu cha kuangalia WordPress: kinachopitishwa kwenye kichujio hakiwi namba ya mwanachama kila mara. Kinaweza kuwa barua pepe, kinaweza kuwa maoni yenyewe, kinaweza kuwa makala. Asiyeshughulikia hali zote hizo anapata avata kwenye wasifu na mraba mtupu chini ya maoni.

Karibuni, mwenye nyongeza aweke.

#2 Mchangiaji

Mkuu, umeeleza vizuri. Swali: SVG au PNG? Nasikia kila mtu akisifia SVG.

#3 Mleta uzi

Naegemea SVG, ila ina mitego ambayo wanaoisifia hawaitaji.

Ukiibandika SVG moja kwa moja ndani ya ukurasa unapata raha ya kubadili rangi kwa CSS (lugha ya kupamba ukurasa), mwanachama anabonyeza na nywele zinageuka papo hapo. Kwenye ukurasa wa kujipangia hilo ndilo unalotaka. Lakini kwenye ukurasa wa majadiliano una avata 50 pamoja. Kila moja ina ndani yake kitambulisho, mathalani id="kivuli", kwa ajili ya rangi inayofifia shavuni. Kivinjari kikiona url(#kivuli) kinakwenda kwa kitambulisho cha kwanza chenye jina hilo kwenye ukurasa mzima. Matokeo yake wachangiaji wote wanavaa kivuli cha mchangiaji wa kwanza, na huyo wa kwanza akifichwa kwa display:none, kwenye baadhi ya vivinjari mashavu ya wengine yanapotea kabisa. Ukijaribu peke yako kwenye wasifu huoni kosa lolote. Dawa ni kuongeza kiambishi cha pekee kwenye kila kitambulisho wakati wa kuchora.

Njia ninayoipenda zaidi: kwenye ukurasa wa kujipangia bandika moja kwa moja, kwingine kote tumia img ya kawaida inayoelekea kwenye faili la SVG. Ndani ya img kila faili linajitegemea, vitambulisho havigongani, na hata kama kuna skripti ndani haitekelezwi. Gharama yake ni kwamba CSS ya ukurasa haiingii humo, hivyo rangi lazima ziandikwe na seva ndani ya faili lenyewe. Kwa kuwa una chaguo zilizohifadhiwa, hiyo ni kazi ndogo.

PNG bado unaihitaji kwa barua pepe za arifa, kwa sababu programu nyingi za barua pepe hazionyeshi SVG. Ukitumia GD (maktaba ya PHP ya kushughulikia picha) hesabu kumbukumbu: pikseli moja ni baiti 4, kwa hiyo tabaka moja la 512 kwa 512 ni kama MB 1. Usifungue matabaka yote kwa pamoja. Fungua moja, libandike, lifunge, nenda linalofuata. Na usisahau imagesavealpha, inayotunza uwazi wa picha, la sivyo unapata sura nzuri juu ya mraba mweusi.

#4 Mchoraji

Naomba niongee kwa niaba ya wanaochora, maana nyuzi hizi huishia kwenye kodi (maandishi ya programu) tu.

Plagini nyingi nilizoombwa kuzichorea huja na orodha hii: rangi ya ngozi kumi, saba kati ya hizo ni nyeupe zinazotofautiana kidogo, halafu kahawia mbili na nyeusi moja. Nywele ishirini, zote zilizonyooka, na afro moja iliyochorwa kama wingu. Mtu anafungua ukurasa wa kujipangia, anatafuta, hajioni, anafunga. Hapo kodi yako nzuri haijamsaidia kitu.

Mwaka 2015 Unicode 8.0 ilipoleta rangi za ngozi kwenye emoji walichukua kipimo cha daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick, chenye aina sita, wakaunganisha mbili za mwanzo zikabaki tano. Kwa alama ndogo inatosha. Kwa avata mimi huanza na nane na nazigawa sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine, sizirundiki upande wa weupe.

Tena rangi ya ngozi haiwi moja. Ni tatu zinazokwenda pamoja: ngozi yenyewe, kivuli chake, na mstari wa kuchorea. Mstari mweusi mmoja kwa wote unaonekana safi kwenye ngozi nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi sana pua inatoweka, mdomo unatoweka, unabaki na macho mawili yanayoelea. Nyusi nazo zina tabia hiyo hiyo. Mstari uwe mweusi zaidi kidogo kuliko ngozi pale ngozi ni nyeupe, na pale ngozi ni nyeusi mara nyingine inabidi mwanga ndio uchore umbo la pua badala ya kivuli. Hilo halifanywi na kodi kwa kuzidisha rangi ya kijivu. Mtu anakaa anachagua kwa jicho.

Na mjaribu kila kitu kwa pikseli 32. Huko ndiko avata inakoishi. Misuko niliyoichora kwa mistari myembamba inageuka tope kwa ukubwa huo, kwa hiyo nachora mafungu machache manene yenye nafasi kati yake, na mtu anaona ni misuko.

#5 Mleta uzi

Dada, umenisaidia sana. Hili la rangi tatu linaingia moja kwa moja kwenye muundo: "ng05" kwenye chaguo haibebi rangi, inaelekeza kwenye jedwali lenye hizo tatu. Ukiboresha kivuli cha ng05, wote wanafaidi.

Niongeze la kofia, kwa sababu ni la mchoraji na mwandishi wa kodi kwa pamoja. Afro kubwa ukiivika kofia, nywele zinatoboa kofia kwa juu. Kuficha nywele zote kunamfanya mtu aonekane kipara chini ya kofia. Kila kofia inatakiwa ije na umbo la kukatia, nywele zinakatwa kwa umbo hilo na zile za pembeni zinabaki. Hijabu na kilemba vinafunika zote, kwa hiyo vinakuwa na alama "ficha_nywele". Msiviweke kwenye kundi la kofia kwa uvivu, maana wapo wanaovaa hijabu na kofia ya jua juu yake, na miwani lazima ikae juu ya hijabu, si chini yake.

#6 Msimamizi wa jukwaa

Mimi naendesha jukwaa lenye watu wengi, wasiwasi wangu ni usalama. Mwanachama anatuma JSON, yaani hayo maandishi ya chaguo. Atatuma anachotaka.

#7 Mleta uzi

Sawa kabisa, mkuu. Msimamo ni huu: kinachotoka kwenye kivinjari ni ombi tu. Seva ina orodha ya majina yanayoruhusiwa, kila jina lililotumwa linatafutwa humo, lisilokuwemo linatupwa. Usijenge kamwe njia ya faili kwa kuunganisha maandishi ya mwanachama, maana atakuandikia ../../ na kukutembeza kwenye folda zako. Rangi za bure pia uzipitishe kwenye kipimo: alama ya reli (#) na alama sita za 0-9 au a-f, basi. Kwenye WordPress weka nonce (alama ya kuthibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wako) na uhakiki kwamba anayebadili ni mwenye akaunti hiyo au msimamizi. Hapo unaona faida nyingine ya kuhifadhi chaguo: hakuna faili la mtu linaloingia kwenye seva yako.

Ukiruhusu na picha za kupakia, hali inakuwa nyingine. SVG kutoka kwa mwanachama usiipokee, inaweza kubeba skripti, na akiifungua mtu kwa anwani yake moja kwa moja skripti hiyo inatekelezwa kwa jina la tovuti yako. Picha za kawaida, soma vipimo vyake kwa getimagesize kabla ya kuzifungua. Faili dogo la PNG linaweza kutangaza pikseli 20,000 kwa 20,000. Likifunguliwa linadai karibu GB 1.6 za kumbukumbu, na seva inaanguka kwa sababu ya mtu mmoja.

Halafu ifungue na kuiandika upya. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigiwa, na mwenye jina la bandia hajui kwamba anatangaza nyumba yake. GD ikiandika upya hutupa taarifa hizo zote. Ila inatupa pia alama ya mwelekeo: simu nyingi hupiga picha ikiwa imelala na kuweka alama, kwa mfano 6, yenye maana "nizungushe digrii 90 kulia". Alama ikipotea mtu analala ubavu kwenye avata. Kwa hiyo soma alama kwanza, zungusha, ndipo uandike. Na imagerotate huzungusha kwenda kushoto, hivyo kwa 6 unampa -90.

#8 Mchangiaji

Nawasikiliza, lakini kwa mtazamo wangu avata za kujipangia zinafanya wote wafanane. Picha halisi inaleta uaminifu zaidi. Kwa nini kujichosha?

#9 Msimamizi wa jukwaa

Kaka, kwa jukwaa la wataalamu wanaotafutana kikazi nakubaliana nawe, picha halisi ina nguvu. Kwangu wanawake wengi hawaweki picha kabisa, kwa sababu kila aliyeweka alianza kupokea ujumbe wa faragha asioutaka. Wanabaki na kivuli cha kijivu na hakuna anayewakumbuka kutoka mjadala mmoja hadi mwingine. Tulipowapa sura ya kujipangia walianza kutambulikana bila kujianika. Kufanana kunatokea pale vipande ni vichache au vya aina moja, kama alivyosema dada Mchoraji.

#10 Mchangiaji

Mimi sioni, natumia kisoma skrini. Ombi langu ni dogo. Kwenye kurasa nyingi za aina hii nasikia "kitufe, kitufe, kitufe" mara arobaini. Au nasikia "nywele nukta saba nukta png". Na mimi nataka avata yangu ifanane nami, ndugu zangu wanaiona.

#11 Mleta uzi

Asante kwa kulisema, na ni wajibu wetu. Kila sehemu kwenye jedwali iwe na maelezo ya kusomwa: "misuko mirefu iliyofungwa nyuma", "miwani ya duara". Rangi nazo zipewe majina. Chaguo za kundi moja ziwe vitufe vya redio vya kawaida ndani ya fieldset (kundi la vitufe) yenye kichwa "Nywele", hapo mishale ya kibodi inafanya kazi yenyewe na msikilizaji anajua yuko la ngapi kati ya mangapi. Mwishoni weka sentensi moja inayojengwa kutokana na chaguo, ikieleza sura yote ilivyo sasa. Kwenye orodha ya maoni ni kinyume: jina la mchangiaji tayari limeandikwa pembeni, kwa hiyo alt (maelezo ya picha yanayosomwa na kisoma skrini) iachwe tupu, la sivyo kila jina linasomwa mara mbili.

#12 Mchangiaji

Na ambaye hajachagua chochote aonekane vipi? Tumtengenezee sura ya bahati nasibu?

#13 Mleta uzi

Mimi nakataa sura ya mtu. Programu ikikisia jinsia kwa jina au ikimpa mtu ngozi isiyo yake, salamu yake ya kwanza kwenye jumuiya ni kukosewa. Mpe umbo la kijiometri linalotokana na namba ya akaunti yake, kama zile identicon alizozitoa Don Park mwaka 2007. Lisitokane na barua pepe, kwa sababu niliyoieleza mwanzo. Namba ile ile itoe umbo lile lile kila mara, ili atambulike hata kabla hajajipanga.

Vipande vya kuchora kama huna mchoraji, vipo vya wazi. Open Peeps za Pablo Stanley ziko chini ya CC0 (leseni ya kutumia bila masharti), na DiceBear, maktaba ya avata, imekusanya mitindo mingi. Ila kwenye DiceBear kila mtindo una leseni yake, soma ya ule unaouchukua, mingine inadai umtaje mchoraji.

#14 Msimamizi wa jukwaa

La mwisho kutoka kwangu: kasi. Na mwanachama akibadili sura, mbona kwenye baadhi ya kurasa inabaki ya zamani?

#15 Mleta uzi

Jina la faili liwe heshi ya chaguo zenyewe zikiwa zimepangwa kwa mpangilio mmoja, pamoja na namba ya toleo la michoro. Chaguo zikibadilika, jina linabadilika, kwa hiyo unaweza kukiambia kivinjari kiitunze picha mwaka mzima, max-age=31536000 na immutable, bila hofu. Wawili waliochagua sawa wanatumia faili moja. Kwa sababu hiyo mwanachama akifuta akaunti, futa chaguo zake lakini usikimbilie kufuta faili, huenda lina mwenzake; nalo halibebi jina la mtu yeyote.

Sura ya zamani unayoiona inatoka kwenye kashe (nakala zilizotunzwa) ya kurasa, si ya picha. Ukurasa uliotunzwa bado unataja faili la zamani. Ukiusafisha kila mtu anapobadili kofia, seva itachoka bure. Uache uishe muda wake, na yale mafaili ya zamani yaache kwenye folda kwa muda mrefu kuliko muda wa kashe ya kurasa. Zoezi la kufagia yasiyotumika liendeshwe usiku, likilinganisha folda na chaguo zilizopo kwenye hifadhidata. Likifagia mapema mno, kurasa za zamani zitaonyesha picha iliyovunjika.